Jina la Mmiliki

Fomu ilikuwa ukurasa mmoja tu. Binamu yangu aliilaza juu ya boneti ya Altezza yake, akaniomba kalamu, akaanza kujaza. Jina la mmiliki. Namba ya simu. Aina ya gari. Mwaka wa kutengenezwa. Mabadiliko yaliyofanyika. Hapo kwenye mabadiliko akasita, maana mistari ilikuwa mitatu na mabadiliko yalikuwa mengi: springi zimeshushwa, rimu za inchi 18, ekzosi, taa, siti, rangi. Akaandika kwa herufi ndogondogo, nafasi ikaisha, akageuza karatasi na kuendelea nyuma.

Mjomba alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, karibu na ukuta, anatazama. Tulikuwa uani kwake Temeke, siku tatu kabla ya onyesho la magari lililopangwa kufanyika Kinondoni Jumapili mchana. Rangi ya gari lile ni kazi yake. Aliipulizia usiku, saa ambazo vumbi la barabarani limelala, baada ya wiki mbili za puti na msasa.

"Sehemu ya fundi iko wapi hapo?" akauliza.

Binamu akaangalia mbele ya karatasi, akaangalia nyuma. "Haipo, baba."

"Haya," akasema mjomba, akanyanyuka kwenda kuosha mashine yake ya kupulizia.

Nilisoma historia chuoni, na nimezoea kudhani kwamba historia ya mji huu naijua. Lakini ile "haya" ilinikaa kichwani hadi Jumapili. Dar es Salaam imekuwa ikiyabadilisha magari kwa zaidi ya miaka 50. Imeyakata, imeyaunga, imeyapaka rangi, imeyapa majina. Na karibu mara zote, aliyefanya kazi hiyo hakuwa yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye kadi ya gari.

*

Mashindano ya magari si jambo geni Afrika Mashariki. Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye tuliyajua kama Safari Rally. Katika miaka yake ya mwanzo magari yaligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei ya dukani, kwa hiyo gari la bei nafuu lilishindana na la bei nafuu. Miaka ya 1966 na 1967 mshindi alikuwa mtu wa hapa hapa Dar es Salaam, Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi na kufanya kazi Tanzania, akiendesha Peugeot 404. Jirani zetu wa Nairobi, kuanzia mwaka 1970, wana onyesho lao la magari kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Concours d'Elegance, linaloandaliwa na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo. Pale majaji huinama hadi uvunguni, na tope likikutwa huko pointi hupungua.

Yote hayo yana vitabu vya kumbukumbu. Dereva anajulikana, mwenye gari anajulikana, namba ya gari inajulikana. Ukitaka kujua nani alikaza nati usiku ule, utatafuta sana.

Sasa tuje uswahilini. Temeke na Magomeni ni mitaa iliyopangwa na serikali ya kikoloni baada ya Vita vya Pili vya Dunia ili Waafrika waliokuwa wakimiminika mjini wapate pa kuishi. Ilikuwa mbali kidogo na bandari, mbali na ofisi, mbali na Oyster Bay walikoishi Wazungu. Maana yake ni kwamba tangu siku ya kwanza mkazi wa huko alihitaji usafiri wa kumfikisha kazini, na gari la kwake hakuwa nalo. Alitegemea basi la mtu mwingine.

Mwaka 1974 kampuni ya mabasi iliyoitwa DMT, ambayo ilikwisha kutaifishwa, iligawanywa. Safari za mikoani zilikwenda kwa KAMATA, na za mjini zikaenda kwa UDA, Usafiri Dar es Salaam. Watu wazima wa mji huu bado wanayakumbuka mabasi ya UDA aina ya Ikarus kutoka Hungaria, hasa yale marefu yaliyoungwa katikati. Yalikuwa mabasi ya umma yenye sura moja, na kwa muda yalijitahidi. Lakini miaka ya 1970 haikuwa na huruma na kitu chochote chenye injini. Bei ya mafuta ilipanda duniani kuanzia mwisho wa 1973. Fedha za kigeni zikawa adimu, vipuri vikawa adimu zaidi. Mwaka 1978 vita na Idi Amin vikaanza, na magari ya watu binafsi pamoja na malori yakachukuliwa kupeleka askari na mizigo Kagera. Basi la UDA likiharibika, lilibaki yadi na kugeuka duka la vipuri la basi jingine.

Abiria wa Temeke, hata hivyo, alitakiwa kazini saa 1 na nusu asubuhi. Hapo ndipo gari la kwanza kubadilishwa lilipoingia, na halikubadilishwa kwa ajili ya urembo.

Lilikuwa pikapu. Nyuma, pale pa kubebea mzigo, fundi alifunga mabenchi mawili ya mbao, moja kila upande, akasimamisha vyuma na kuweka paa la turubai. Abiria walikaa wakitazamana, magoti yakigusana, kama wateja wa mgahawa wa asubuhi. Watu wakayaita magari hayo chai maharage. Hayakuwa na kibali. Polisi walipotokea, abiria walikuwa ndugu ghafla, wote wanakwenda msibani, na hakuna aliyelipa nauli.

Mjomba aliingia kwenye ufundi kipindi hicho hicho, kijana wa kushika tochi na kuleta spana. Gereji ilikuwa chini ya mwembe. Gereji za namna ile tunaziita gereji bubu: hakuna kibao, hakuna risiti, na hakuna ofisi utakayoikuta ukirudi kulalamika. Lakini chini ya miembe ile ndiko nchi ilikojifunza kuishi bila vipuri. Bush zilichongwa kutoka matairi mabovu. Bampa zilinyooshwa kwa nyundo na moto. "Tulikuwa hatuulizi gari hili limetoka kiwandani likiwaje," mjomba huniambia. "Tulikuwa tunauliza, kesho litatembea?"

Kuna jambo moja la miaka hiyo ambalo binamu yangu alikataa kabisa kuliamini. Ili kubana mafuta, serikali ilipiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Ukikutwa barabarani bila kibali, ujieleze. Jiji lenye gari chache liliamriwa kuziegesha hata hizo.

"Jumapili saa 8?" binamu akacheka. "Saa 8 ndiyo sisi tunaingia uwanjani."

*

Mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa ajabu. Ndio mwaka wa kampeni kali dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, watu wakitupa vitenge na sabuni usiku kwa hofu ya kukamatwa navyo. Mwaka huo huo serikali ilikubali kwamba UDA peke yake haiwezi, ikaruhusu mabasi ya watu binafsi kubeba abiria mjini. Yale yaliyokuwa yakijificha yakatoka hadharani, na jina lao likiwa tayari mdomoni mwa watu: daladala. Dala ilikuwa sarafu ya shilingi tano, nayo ndiyo iliyokuwa nauli. Wakenya nao walikuwa wamepitia njia hiyo mapema kidogo. Matatu yao ilipata jina kutokana na senti 30 za nauli ya zamani, na mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliiruhusu kubeba abiria bila leseni ya biashara hiyo. Nchi mbili, siasa mbili tofauti, na katika zote mbili gari la mwananchi likaitwa kwa bei yake.

Mwaka 1984 waliokuwa na fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Kisha akaja Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, na mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Mlango ukafunguka. Kwa kuwa Japani nao huendesha upande wa kushoto kama sisi, magari yaliyotumika kule yalishuka bandarini bila haja ya kuhamisha usukani. Hiace zilikuja zikiwa na maandishi ya Kijapani ubavuni, ya hoteli au shule ambayo hakuna hata mmoja wetu angeifika. Nyingine zilikuwa za mizigo. Mafundi wakatoboa madirisha, wakachomelea siti, wakaongeza benchi pale ambapo Mjapani aliacha nafasi ya kupumulia. Kwa udogo wake tukaziita vipanya.

Huo ndio uliokuwa wakati wa mjomba. Alikwisha kuhama kwenye injini na kuwa fundi rangi. Miaka ya 1990 daladala zilikuwa nyingi kuliko njia, na abiria aliyesimama kituoni aliweza kuchagua. Gari lenye muziki mzuri, rangi inayong'aa na maneno ya kuchekesha nyuma lilijaa kwanza. Kwa hiyo kila kituo, kuanzia Mbagala hadi Mwenge, kilikuwa onyesho la magari la kila siku. Majaji walikuwa wanafunzi, wauza samaki na makarani, na alama zao zilikuwa nauli.

Lakini nani alilipia mapambo hayo? Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mwenye daladala alikuwa nyumbani kwake au ofisini. Alichotaka ni hesabu, kiasi maalumu cha fedha kila jioni. Mafuta, faini na pancha vikitoka, kilichobaki juu ya hesabu ndicho mshahara wa dereva na konda. Wengi hawakuwa na mkataba wowote wa maandishi. Dereva akiugua alimpa usukani deiwaka, mtu wa siku moja, ambaye kesho yake angeweza kuwa ndiye mwenye gari machoni pa tajiri. Kwa hiyo spika, stika na maandishi mara nyingi vilitoka mfukoni mwa dereva, kwenye gari lisilo lake, ili likimbilie hesabu isiyo yake.

Mjomba ana kisa kimoja ambacho hukisimulia bila kukiongezea chumvi. Dereva wa njia ya Mbagala na Kariakoo alimwomba aandike nyuma ya kipanya maneno yaliyokuwa yakipendwa sana wakati ule: Kazi mbaya ukiwa nayo. Maana yake mtu wa Dar haelezwi. Kazi unaiona mbaya pale unapokuwa nayo, ngoja ikutoke. Dereva alilipa kwa mafungu matatu, kila jioni kidogo. Siku chache baada ya fungu la mwisho, tajiri alimpa gari mtu mwingine. Yule dereva alikaa kijiweni wiki nzima akiliona gari likipita, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi zikimwendea mbele na kupotea.

"Alikuja kuniuliza kama naweza kuyafuta usiku," mjomba akaniambia.

"Ukamjibuje, mjomba?"

"Nikamwambia gari si lake na si langu. Sasa tufute cha nani?"

*

Wakati mwingine namlinganisha mjomba na Edward Saidi Tingatinga. Huyu alitoka Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege juu ya vibao vya hadibodi kwa rangi ya kung'aa, ile ambayo watu walipakia baiskeli. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mwizi, akafa. Alichora kwa miaka minne tu, lakini jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, na hadi leo picha za Tingatinga zinauzwa kwa watalii. Waliokuwa wakipaka rangi bodi za magari walitumia kopo la aina ile ile na brashi ile ile. Tofauti ni kwamba kibao cha Tingatinga kiliuzwa kama kazi ya Tingatinga. Ubavu wa basi uliuzwa kama basi.

Kisha ukaja mkanda. Mamlaka ziliamua kwamba daladala ivae mkanda wa rangi ya njia yake, ubavuni na mbele, ili abiria ajue inakokwenda na askari ajue kama imekatisha njia. Sitaki kuubeza. Nilipokuwa mdogo, kabla sijajua kusoma vizuri, nililijua basi la nyumbani kwa rangi ya mkanda wake, na bibi yangu ambaye hakusoma kabisa alilijua hivyo hivyo. Lakini kwa mjomba mkanda ulimaanisha ubavu wa gari si wake tena. Kazi ikawa mstari ulionyooka, rangi iliyopangwa, vipimo vilivyopangwa. Maneno yakakimbilia kioo cha nyuma na vizuia tope.

Kenya mambo yalikwenda kwa kishindo zaidi. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zilileta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na mstari wa njano, na michoro ya matatu ikafifia kwa miaka. Mwisho wa 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba vijana waachwe wachore, kwa sababu ile ni ajira. Kwetu hakukuwa na tangazo la kurudisha kitu. Mwezi Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza Barabara ya Morogoro, yote ya sura moja kama Ikarus za zamani, na daladala zikaondolewa kwenye njia hiyo. Ukitaka maandishi leo, tazama nyuma ya bajaji.

Na tazama magari ya vijana. Sioni kama ni bahati mbaya kwamba mafundi wa rangi, wa bodi na wa muziki wa Temeke na Kinondoni sasa wanaishi kwa Altezza, Subaru na Crown. Ufundi haukufa. Ulihama kutoka gari la wote kwenda gari la mmoja. Binamu yangu anafanya kazi ya kompyuta, alikusanya fedha miaka mitatu, na gari ni lake kweli. Katika ukoo wetu yeye ndiye wa kwanza kumiliki gari. Baba yake, aliyepaka mamia ya magari, hana hata moja. Baada ya rangi kubadilika kutoka fedha kuwa kijani kibichi, binamu alikwenda kubadilisha kadi, maana rangi na namba ya injini huandikwa humo na askari akisimamisha gari huvilinganisha. Kadi mpya inasema: kijani. Haisemi kijani cha nani.

*

Jumapili tulifika uwanjani kabla ya saa 8. Kulikuwa na magari kama 30, maturubai, muziki wa kupigana kila kona, na vijana wakifuta vumbi ambalo upepo ulilirudisha papo hapo. Mjomba alivaa shati la Idi. Binamu aliegesha, akafungua boneti, kisha akachomoa kipande cha boksi kutoka kwenye buti na kukisimamisha ndani ya kioo cha mbele. Alikuwa ameandika kwa kalamu nene: Fundi rangi. Fundi bodi. Fundi umeme. Fundi springi. Fundi siti. Mbele ya kila kazi, jina kamili na mtaa.

Sikuwa nimemwambia afanye hivyo, wala baba yake hakumwambia.

Majaji walipita wawili, mmoja na karatasi, mwingine na tochi. Walitazama injini, wakagonga mlango kwa kidole kusikia kama puti ni nzito, wakapiga magoti kuangalia chini. Mwenye tochi alisoma boksi hadi mwisho. "Fundi rangi yupo?" akauliza. Binamu akaonyesha kwa kidevu. Jaji akamwamkia mjomba, akamuuliza alitumia koti ngapi, na kwa dakika kama tano wakazungumza habari za thina na unyevu wa Dar, mambo ambayo mimi sikuyaelewa. Kisha wakaenda gari la pili.

Hatukushinda. Zawadi ya rangi ilikwenda kwa Crown moja nyeupe, na mjomba mwenyewe alisema ilistahili. Nilichokikumbuka ni dakika chache kabla ya matokeo. Mjomba alisogea kwenye kioo, akavaa miwani, akasoma yale majina polepole, moja moja, kama mtu anayehakiki hesabu. Akafika mwisho, akatikisa kichwa.

"Kuna mtu umemwacha."

"Nani, baba?"

"Yule kijana wa fundi umeme. Usiku ule tunapiga koti ya mwisho, umeme ulikatika. Ni yeye aliyeshika taa mpaka tukamaliza."

Binamu akaniomba tena kalamu. Nafasi kwenye boksi ilikuwa imekwisha, akaandika pembeni, kwa wima: Mshika taa. Kisha akasimama na kalamu hewani, maana jina la yule kijana hakuna aliyelijua. Mjomba akatoa simu mfukoni akampigia fundi umeme kumuuliza.